Madabodi mpya, Windows inadai leseni upya. Ile niliyoilipia imekwenda wapi?

#1 Karatasi Tupu

Wakuu salaam. Nina steshenari ndogo Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Kazi zetu mnazijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu za mtandaoni, na msimu wa mitihani ripoti za shule mbili. Yote hayo yanabebwa na laptopu moja, HP ProBook 450 G8, niliyoinunua mpya mwaka 2022 ikiwa na Windows yake ya kiwandani. Risiti ninayo.

Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Taa ya chaja ikazima na laptopu ikawa jiwe. Fundi akaifungua, akaninusisha: kweli palinuka kuungua pale chaja inapoingilia. Akasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, akaagiza nyingine Dar, ya modeli ileile. Bodi na ufundi jumla 480,000. Nikameza mate, nikalipa.

Kuiwasha, balaa la kwanza. Skrini ya buluu inataka tarakimu 48 za BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga mafaili. Fundi akasema, "Hii tunapiga Windows upya, inaisha." Nikamwambia thubutu! Ndani mna ripoti za darasa la saba zima. Bahati nzuri nikakumbuka kwamba siku ya kwanza laptopu ilifunguliwa na mdogo wangu kwa imeili yake, naye sasa yuko Muscat anafanya kazi. Nikampigia, akaingia kwenye akaunti yake akaukuta ufunguo, akanisomea kwa ujumbe wa sauti: makundi manane ya tarakimu sita sita, nyuma kiyoyozi kinanguruma. Mara ya kwanza ilikataa, kumbe "sita" nilisikia "saba". Ya pili ikafunguka.

Balaa la pili ndilo limenileta hapa. Mafaili yote yapo, ila chini kulia kuna yale maandishi ya kijivu yanayotaka niamilishe (activate) Windows. Nikienda kwenye Settings naambiwa kosa ni 0xC004F074. Fundi anasema leseni imekufa pamoja na bodi, nimpe 30,000 "aiweke sawa".

Swali langu: Windows si nilishainunua? Au nilinunua bodi na Windows ikawa nyongeza?

Nawasilisha.

#2 Siti ya Mbele

Ngoja waje wajuzi. Mimi nimeshakaa na karanga zangu.

#3 Kijana wa Aggrey

Mkuu unahangaika bure. Hiyo ni KMS dakika mbili, unazima antivairasi, unabonyeza, unaendelea na kazi. Hakuna mtu Bongo analipia Windows. 30,000 ni nyingi, mie nafanya kwa 10,000.

#4 Hewa Moto

Aggrey, shuka kwanza. Karatasi Tupu, usimpe mtu hela bado, na usibonyeze chochote.

Hilo kosa lako limenishtua. Ukibadilisha bodi, kosa linalotarajiwa ni 0xC004F211. Hilo linasema wazi kwamba vifaa vya mashine vimebadilika. Lako, 0xC004F074, ni la mashine inayotafuta seva ya KMS na kuikosa. KMS ni utaratibu wa mashirika makubwa: ofisi inakuwa na seva yake ya leseni, kompyuta za wafanyakazi zinaripoti pale, kila moja inapewa siku 180 na inatakiwa kujiripoti tena kabla hazijaisha. Steshenari yako haina seva ya namna hiyo. Kwa hiyo kuna mtu ameshaingiza mkono.

Fungua ile skrini nyeusi ya amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika:

slmgr /dli

Litatokea dirisha dogo. Niandikie neno lililo kabla ya "channel" na herufi tano za mwisho za ufunguo wa leseni. Kisha fungua PowerShell uandike:

(Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Hii ya pili ikikupa ufunguo mzima wa herufi 25, USIUWEKE hapa jukwaani. Sema tu upo au haupo.

#5 Karatasi Tupu

Asante kaka. La kwanza limeandika VOLUME_KMSCLIENT, herufi ni T83GX. La pili halikuandika kitu, mstari umeruka tu.

Halafu jambo jingine nilisahau. Kila nikiwasha, kabla ya Windows, inatokea skrini nyeusi inasema taarifa za bidhaa si sahihi, inataja namba tambulishi (serial) ya mashine. Nabonyeza Enter inaendelea.

#6 Hewa Moto

Sasa picha imekamilika.

T83GX ni mwisho wa ufunguo ambao Microsoft wenyewe wameuchapisha hadharani kwa ajili ya kompyuta za Windows Pro zinazoripoti kwenye seva za KMS. Si siri na si wako. Peke yake hauamilishi kitu, unaiambia tu mashine "katafute seva". Fundi wako alishajaribu kimyakimya kraki, yaani programu ya kuigiza hiyo seva ya KMS bila leseni, ikagoma, ndipo akakuomba 30,000 za kuimalizia. Muulize kwa upole utasikia.

Kuhusu leseni yenyewe, hebu tukae hapa kidogo, maana mafundi wengi tunawadanganya wateja kwa kutojua.

Windows iliyokuja na mashine kutoka kiwandani inaitwa OEM. Ifikirie kama kadi ya gari. Badilisha matairi, viti, hata rangi, gari ni lilelile. Ila namba ya chesisi ikibadilika, hilo ni gari jingine. Kwenye kompyuta chesisi ni madabodi. Ongeza RAM, badili SSD (diski), Windows hailalamiki, kwa sababu ile alama ya utambulisho inayoipiga siku ya kuamilishwa bado inafanana. Ukigusa bodi alama inabadilika kabisa.

Zamani ufunguo ulikuwa kwenye stika chini ya laptopu. Tangu Windows 8, mwaka 2012, viwanda vinauchoma ndani ya bayosi, ile programu ndogo ya kwenye bodi inayoiamsha mashine, kwenye jedwali linaloitwa MSDM. Ukipiga Windows inausoma humo yenyewe, ndiyo maana huulizwi ufunguo. Amri yako ya pili ilikuwa inachungulia jedwali hilo. Imerudi tupu, maana yake bodi uliyofungiwa haina ufunguo wowote. Ile skrini nyeusi inathibitisha hilohilo: bodi haijajazwa namba tambulishi wala modeli.

HP wanatoa bodi za vipuri kwa namba zinazofanana, tofauti iko mwishoni. Ikiishia -001 ni ya mashine zisizo na Windows. Ikiishia -601 ni ya mashine zenye Windows. Kwa macho ni mapacha. Naweka dau lako ni -001. Kuna kistika cheupe juu ya bodi, kama fundi hajakibandua.

Sasa swali lako la msingi. Masharti ya OEM yanatofautisha bodi iliyobadilishwa kwa sababu imeharibika na bodi iliyobadilishwa ili kupata mashine kali zaidi. Iliyoharibika ikibadilishwa kwa ileile, au kwa mbadala unaolingana nayo kutoka kwa mtengenezaji, leseni yako inaendelea, hununui nyingine. Ukipandisha daraja, hiyo inahesabiwa kompyuta mpya na leseni ya zamani inabaki na bodi ya zamani. Wewe umeunguza, umeweka modeli ileile. Haki unayo. Kilichobaki ni kuishawishi seva ya Microsoft ikuelewe, maana yenyewe inaona tu bodi ngeni.

#7 Siti ya Mbele

Karanga zimeisha, naagiza nyingine.

#8 Boda ya Thika

Niaje watu wa TZ. Mimi niko upande wa pili wa hiyo sheria. Nilikuwa na Dell OptiPlex mtumba, prosesa ya kizazi cha nne, na Windows 10 ya OEM. Tulipoambiwa Windows 10 itaachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, nikanunua kesi mpya, bodi mpya na prosesa mpya, nikahamisha SSD tu. Ikawaka vizuri, lakini leseni ikakataa kunifuata. Nikapiga simu ya usaidizi nikitumaini huruma. Swali la kwanza: je, bodi iliharibika? Nikasema ukweli, hapana. Nikaambiwa ninunue.

Nilinunua ile ya rejareja, inayouzwa peke yake bila mashine. Ni ghali, lakini ile unaweza kuihamisha ukibadilisha kompyuta, mradi uitoe kwenye ya zamani. Siku ya kuhama unaandika slmgr /upk kwenye mashine ya zamani, inautoa ufunguo kwenye mashine hiyo.

#9 Kijana wa Aggrey

Hewa Moto unajifanya profesa. Watu wanauza funguo halali WhatsApp kwa 15,000, mnakaa kuandika insha.

#10 Hewa Moto

Nyingi ya hizo za 15,000 ni funguo za mashirika zilizovuja. Ufunguo mmoja umeruhusiwa mashine mia tano, jamaa anawauzia watu mia tano kama wewe. Leo inakubali. Siku ikifungiwa unapata 0xC004C003 na muuzaji ameshabadilisha laini. Na hiyo kraki unayosema mtu azime antivairasi kwanza: jiulize kwa nini. Mashine ya steshenari watu wanaingiza humo namba za NIDA na nywila za akaunti za maombi ya mikopo ya chuo. Unaizimia mlinzi ili umkaribishe usiyemjua.

Na tusisahau programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sisi kuichukulia poa ni jambo jingine.

#11 Pengwini

Achana na Windows, weka Linux Mint, ni ya bure. Nimemaliza.

#12 Karatasi Tupu

Pengwini, wateja wangu wanaleta flashi zina faili za Word zenye jedwali ndani ya jedwali. Nikizifungua kwenye programu nyingine mistari inahama, mwalimu mkuu ananirudishia. Vinginevyo ningehamia leo.

Hewa Moto, nimempigia fundi. Mwanzo alikana. Nikamtajia zile herufi T83GX, akanyamaza kidogo, akasema, "Nilijaribu kidogo tu dada, nilitaka nikusaidie." Mnaoniita mkuu, mimi ni mama wa watoto watatu, lakini endeleeni tu, nimependa.

Sasa nifanyeje?

#13 Hewa Moto

Samahani dada, na kazi nzuri.

Kwanza safisha. Andika slmgr /upk kutoa ule ufunguo wa KMS, halafu slmgr /ckms kufuta jina la seva bandia kama aliliweka. Washa tena mashine. Kisha fanya ukaguzi kamili wa antivairasi, ule unaochukua masaa. Angalia na orodha ya maeneo yaliyoruhusiwa yasikaguliwe, kraki nyingi hujificha humo. Ukikuta folda usiyoijua, iondoe kwenye orodha ndipo ukague.

Pili, irudishe iwe Windows Pro ya kawaida kwa ule ufunguo wa jumla unaoishia 3V66T. Nao hauamilishi, unaweka tu toleo sahihi. Toleo ni muhimu: kama leseni yako ilikuwa Pro na mashine imekaa kwenye Home, hata ukiwa na haki zote itakukatalia.

Tatu ndipo penye kazi. Tangu sasisho la Windows 10 la Agosti 2016, leseni inaweza kufungamanishwa na akaunti ya Microsoft. Kwa kuwa ufunguo wa BitLocker ulikutwa kwenye akaunti ya mdogo wako, basi mashine ilisajiliwa humo, na huenda leseni pia. Kwa hiyo lazima akaunti YAKE iingie kwenye laptopu yako, iwe na mamlaka ya msimamizi. Yako mpya haitasaidia. Ikishaingia, pale kwenye kosa la uamilishaji kuna kitatuzi. Ukiendesha, chagua lile chaguo la kusema umebadilisha vifaa hivi karibuni. Italeta orodha ya mashine zake. Tia tiki ile ya zamani.

Kwa leseni ya OEM hii hukubali mara nyingine na hukataa mara nyingine. Ikikataa, njia ni usaidizi wa Microsoft: eleza bodi iliungua, imewekwa modeli ileile, uwe na risiti zote mbili mkononi.

Na swali: bodi ya zamani iko wapi?

#14 Karatasi Tupu

Alibaki nayo fundi. Alisema ni takataka.

#15 Hewa Moto

Kaichukue leo. Ufunguo wako wa herufi 25 umo ndani yake, kwenye chipu ndogo ya bayosi yenye miguu minane. Kilichoungua kwako ni upande wa umeme, chipu mara nyingi inabaki nzima. Tunaisoma kwa kifaa cha CH341A na kibanio, hata bodi ikiwa maiti. Akitokea mtu wa kuisoma, ufunguo unaokolewa, na namba tambulishi ya mashine pia. Ile "takataka" ndiyo cheti chako cha kuzaliwa.

#16 Mahesabu Makini

Nawasalimu wote kutoka Arusha. Mimi mhasibu, naongezea upande wetu, maana watu wanakumbuka Windows tu.

Programu za mahesabu nazo zinajifunga kwenye mashine. TallyPrime kwa mfano: ukijua unabadilisha bodi au kompyuta, unaingia humo ukiwa na intaneti na kuisalimisha leseni kwanza, ndipo unaihuisha kwenye mashine mpya. Bodi ikifa ghafla hujapata nafasi hiyo, kuna njia ya kuiweka upya kupitia akaunti iliyosajiliwa. Hapo ndipo wengi wanakwama. Mteja wangu mmoja leseni ilisajiliwa kwa imeili ya karani aliyeacha kazi miaka miwili nyuma, kwa ugomvi. Tulimtafuta karani kwa siku nne, mwisho tukampata kwenye harusi Moshi. Alitupa nywila baada ya kuombwa radhi mbele ya shemeji zake.

Na Office usisahau, dada. Kama ilikuja na mashine nayo, angalia imesajiliwa kwa akaunti ipi kabla mdogo wako hajabadilisha nywila.

#17 Mnazi wa Hamburg

Niko Ujerumani, naongeza kionjo. Huku mahakama kuu ya shirikisho iliamua tarehe 6 Julai 2000 kwamba nakala ya OEM ikishaingizwa sokoni kihalali, Microsoft haiwezi kumzuia muuzaji wa chini kuiuza bila kompyuta. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ikaruhusu kuuza tena leseni zilizotumika, kwenye kesi ya UsedSoft na Oracle. Ndiyo maana huku leseni za mtumba zinauzwa madukani mchana kweupe. Lakini ni haki ya kuuza tu. Seva ya uamilishaji ikikataa, bado utashika simu na kusubiri muziki uishe kama mtu wa Morogoro.

#18 Kijana wa Aggrey

Hewa Moto nimekuelewa kwenye hiyo ya -001 na -601. Kumbe ndiyo maana zile za bei poa zinarudishwaga. Mie nauza bodi, nilidhani ni namba za boksi.

#19 Hewa Moto

Sasa umeanza kuwa mtu. Ukimwuzia mteja mwenye Windows, mpe yenye Windows, au mwambie mapema.

#20 Karatasi Tupu

Wakuu, mrejesho.

Jana saa mbili usiku, saa tatu ya Muscat, mdogo wangu akamaliza zamu. Nilikuwa nimeshasafisha. Antivairasi ilikagua tangu saa saba mchana, ikakamata vitu viwili, vyote ndani ya folda iliyoruhusiwa isikaguliwe, jina la folda ni nukta moja tu. Nukta! Nisingeiona kama usingenielekeza.

Tukaiingiza akaunti yake. Namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu yake, ananisomea, mimi naandika, inakuwa imeisha muda. Mara tatu. Ya nne mtoto wangu wa kati akaniondoa kwenye kiti akaandika yeye.

Kitatuzi kikaleta orodha ya mashine mbili. Moja ni laptopu yake mwenyewe. Nyingine imeandikwa STESHENARI-MAMA. Nilikuwa sijui kama aliipa jina hilo siku ile. Tukatia tiki, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka mdogo wangu akaniuliza kama nimeshakata simu. Kisha ikaandika imeamilishwa. Maandishi ya kijivu yameondoka, na leo asubuhi nimeizima na kuiwasha mara mbili kuhakikisha.

Sasa nimefungua akaunti yangu mwenyewe, nimeipa mamlaka, na ufunguo mpya wa BitLocker nimeuchapa kwenye karatasi. Steshenari hatukosi karatasi. Leseni nayo nitaifungamanisha na akaunti hiyo wiki hii.

Ile skrini ya namba tambulishi bado ipo, fundi amesema ataijaza bure. Bodi ya zamani kanirudishia, ikiwa imebanduliwa kipande kimoja pembeni ambacho alisema hakijui. Ipo kwenye droo pamoja na risiti.

#21 Siti ya Mbele

Hongera mama. Hiyo bodi ya droo, chipu yake ya sauti nzima? Nina 450 G8 haitoi sauti. Njoo PM.

#22 Hewa Moto

Chipu ya sauti mpe. Ya bayosi asiiguse.